Tikal, Copán, Mayapán au Joya de Cerén: uanze wapi ukitaka kuijua jamii ya Wamaya?

Kurasa nyingi zinazoeleza matabaka ya Wamaya wa kale zina mchoro uleule: piramidi yenye mfalme kileleni, chini yake makuhani na wakubwa, kisha wafanyabiashara na mafundi, kisha wakulima, na watumwa kwenye kitako. Mchoro huo si wa uongo. Tatizo lake ni kwamba hautoki mji wowote. Kilele chake kimechukuliwa kwenye maandishi ya mawe ya karne ya 7 na ya 8 huko Guatemala na jirani zake. Kitako kimechukuliwa kwenye maelezo ya Wahispania wa karne ya 16 huko Yucatán. Kati ya hivyo viwili kuna karibu miaka 800, na pengo likazibwa kwa kukisia.

Ndiyo maana mwanafunzi mwenye insha, mwalimu anayeandaa kipindi au msomaji wa kawaida hufaidika zaidi akichagua mahali pamoja akapachimba vizuri. Nimeweka manne mezani: Tikal (Guatemala), Copán (Honduras), Mayapán (Yucatán, Mexico) na Joya de Cerén (El Salvador), ambacho ni kijiji tu. Wengi hukimbilia Tikal. Kwa swali hili la matabaka na utawala, mimi ningeiweka ya tatu. Miaka yote hapa chini ni ya baada ya Kristo.

Kabla ya kulinganisha, elewa jambo moja ambalo vitabu vikuukuu vinalikosea. Wamaya hawakuwahi kuwa na dola moja yenye mji mkuu mmoja. Walikuwa na falme nyingi ndogo zilizokuwa na kalenda na miungu inayofanana na lugha za ukoo mmoja, ambazo zilipigana, zikaoana na kutozana kodi. Mwaka 1958 Heinrich Berlin alionyesha kwamba kila mji mkubwa ulikuwa na alama yake ya maandishi, na mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff, akichunguza mawe ya mji wa Kimaya wa Piedras Negras, akathibitisha kwamba yanasimulia maisha ya watawala halisi: kuzaliwa, kutawazwa, vita. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba Wamaya waliongozwa na makuhani wapole wanaohesabu nyota. Ukikuta kitabu cha zamani kuliko hapo, ramani zake zinaweza kukufaa, ila sura yake ya serikali iruke.

Kwenye kiti cha enzi

Tikal ndipo pa kwenda ukitaka kumwona mfalme wa Kimaya akiwa na uzito wake wote. Cheo chake kilikuwa k'uhul ajaw, bwana mtakatifu. Aliongoza vita, lakini pia alijitoboa mwili na kutoa damu yake kwa miungu na mababu, na akatoka hadharani amevaa sura za miungu. Ufalme ulirithiwa, kwa kawaida kutoka baba kwenda kwa mwana, ingawa mwaka 511 aliyewekwa kwenye kiti cha Tikal alikuwa msichana wa miaka sita.

Historia yake ina misukosuko ya kutosha. Tarehe 16 Januari 378 alifika kutoka magharibi mtu aliyeitwa Sihyaj K'ahk', ambaye wataalamu wengi wanamhusisha na Teotihuacan, jiji kubwa lililo karibu na Mexico City ya leo. Siku hiyohiyo mfalme wa Tikal, Chak Tok Ich'aak, anaandikwa kuwa amekufa. Mwaka uliofuata akatawazwa Yax Nuun Ahiin, kijana ambaye baba yake hakuwa wa ukoo wa zamani wa mji. Mwaka 562 Tikal ikapigwa, na kwa zaidi ya miaka 100 haikusimamisha jiwe lenye tarehe. Kisha Jasaw Chan K'awiil, aliyetawazwa mwaka 682, akaishinda Calakmul, mji hasimu ulio kaskazini, mwaka 695. Alipokufa alizikwa chini ya hekalu lenye urefu wa karibu mita 47, lile linaloonekana kwenye picha zote.

Ushindani wa Tikal na Calakmul unafundisha serikali ya Kimaya ilivyokwenda juu ya ngazi ya mji. Mfalme aliweza kuitwa, kwenye jiwe lake mwenyewe, bwana wa mfalme fulani, yaani wa chini yake. Calakmul haikuweka magavana katika miji iliyoishinda. Iliwaacha wafalme wa pale wakaendelea kutawala, mradi wajue nani mkubwa wao. Usiposhika hilo, vita vyote vya karne ya 7 vitaonekana vurugu tupu.

Ila Tikal ina upungufu mmoja mkubwa: mawe yake humtaja mfalme, baba yake, mama yake na maadui zake, na hapo yanakoma. Mtu wa pili kwa cheo, wa tatu, karani, mtoza kodi, wote wako kivulini.

Nenda Copán uone tofauti. Pale pana jiwe la mraba, lililochongwa mwaka 776, ambalo wataalamu huliita Altare Q. Pembeni mwake wamechongwa wafalme 16, wanne kila upande, kila mmoja ameketi juu ya jina lake. Wa kwanza ni K'inich Yax K'uk' Mo', mgeni aliyeshika utawala mwaka 426. Anamkabidhi fimbo mfalme wa 16, Yax Pasaj Chan Yopaat, aliyeagiza jiwe lichongwe. Waliozaliwa miaka 350 mbali wanatazamana uso kwa uso. Nyuma ya jiwe hilo walikuta shimo lenye mifupa ya chui wa Amerika, jagwa, 15, mmoja kwa kila mtangulizi wake.

Mfalme aliyetulia hana haja ya kujitetea kwa nguvu hivyo. Yax Pasaj alikuwa nayo, na sababu inaanzia mwaka 738. Mfalme wa 13, Waxaklajuun Ubaah K'awiil, alikamatwa na kukatwa kichwa na K'ahk' Tiliw Chan Yopaat wa Quiriguá, mji mdogo uliokuwa chini ya Copán. Muuaji huyo alikuwa ametawazwa miaka 13 hivi nyuma chini ya usimamizi wa huyohuyo aliyemuua. Copán haikuporwa wala kuchomwa, lakini heshima ya kiti iliporomoka. Mwaka 746 hivi likajengwa jengo lililopambwa kwa alama za mkeka uliosukwa, na mkeka kwa Wamaya ni ishara ya mamlaka. Ukutani wakawekwa watu walioketi juu ya majina ya mahali. Wanaakiolojia waliolifukua wanaliona kuwa nyumba ya baraza, mahali ambapo mfalme aliyedhoofika alikaa na wakuu wa maeneo. Wako wenzao wanaopinga tafsiri hiyo, na hoja zao ni za kusoma. Hata ukikubaliana na wapinzani, yanayofuata yanaonyesha mfalme alikuwa akigawana utukufu na watu wengine.

Mayapán ni hadithi nyingine kabisa. Mji huu ulistawi kati ya mwaka 1200 na 1450 hivi, wakati Tikal na Copán zimekwisha kuwa msitu. Ulizungukwa na ukuta wa karibu kilomita 9, na ndani yake yamehesabiwa majengo yapatayo 4,000. Hakuna mfalme mtakatifu anayejichonga kila mahali. Vyanzo vya Yucatán vinaueleza utawala wake kwa neno multepal, utawala wa pamoja: wakuu wa koo kubwa za rasi hiyo ya Yucatán walihamia ndani ya ukuta, wakaongoza pamoja huku ukoo wa Cocom ukiwa mbele. Kila mkuu alikuwa na msimamizi wake mjini, aitwaye caluac, aliyejulikana kwa kirungu kifupi kinene mkononi. Huyo ndiye aliyefuatilia vijiji vya bwana wake ili mahindi, asali, chumvi, samaki, ndege na nguo vifike kwa wakati.

Ubia huo uliisha vibaya. Wacocom walituhumiwa kuleta askari wa kukodi kutoka Tabasco na kuwatia wenzao utumwani. Ukoo wa Xiu ukaongoza uasi na kuwaua Wacocom wote waliokuwamo, isipokuwa mwana mmoja aliyekuwa safarini kibiashara upande wa Honduras. Uchimbaji umekuta majengo yaliyoungua na makaburi ya halaiki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliihusisha misukosuko hiyo na ukame wa miaka ya 1400 hadi 1450. Kinyongo hakikuisha: mwaka 1536, Wahispania wakiwa tayari mlangoni, Nachi Cocom aliwakaribisha wazee wa Xiu waliokuwa wakienda kuhiji, akawaua huko Otzmal.

Kwa swali la serikali peke yake, Mayapán ndiyo yenye mengi ya kujadili darasani, kwa sababu inavunja ile dhana ya mfalme mmoja juu ya kila kitu.

Watu wa katikati

Hapa Copán inaziacha nyingine mbali. Katika mtaa wa Las Sepulturas, nje ya kitovu cha mji, kuna nyumba ya mtu mkubwa ambaye hakuwa mfalme. Ukutani kwa nje kumechongwa karani ameshika brashi na kikombe cha wino kilichokatwa kwenye kombe la baharini. Ndani kuna kitanda cha jiwe kilichochongwa maandishi mwaka 781, chenye jina la mwenye nyumba na la mfalme wake. Zamani maandishi ya namna hiyo yalikuwa haki ya ikulu. Sasa karani anayo sebuleni kwake, na hakuwa peke yake. Vitanda kama hicho vimekutwa kwenye nyumba nyingine za wakubwa wa bonde hilo.

Unaweza kulisoma hilo kwa njia mbili. Huenda mfalme alikuwa akigawa heshima ili awafunge wakubwa upande wake. Huenda wakubwa walikuwa wakijichukulia wenyewe kwa kuwa hakukuwa na wa kuwazuia. Mwanafunzi akichagua mojawapo na kuitetea, insha yake imepata mgongo.

Miji ya mto Usumacinta inaongeza vyeo ambavyo Copán haivionyeshi vizuri. Sajal alikuwa mkuu wa mji mdogo kwa niaba ya mfalme. Lakam alihusika na kukusanya kodi ya mtaa au kijiji, naye huonekana kwenye vyombo vilivyochorwa akileta mali ikulu. Kwenye michoro ya ukutani ya Bonampak, ya miaka ya 790, kuna kifurushi kimewekwa chini ya kiti cha enzi na kimeandikwa kilichomo: kokwa za kakao 40,000. Kakao ilikuwa kinywaji cha wakubwa, na baadaye Wahispania waliikuta sokoni ikitumika kama fedha. Mtu aliyeichora alitaka kila mgeni ajue ni kiasi gani kimelipwa.

Kwa vyeo vya chini ya mtawala, Yucatán ya baada ya Mayapán nayo ina utajiri, kwa kuwa Wahispania waliviandika vikiwa hai. Rasi iligawanyika kuwa majimbo yapatayo 16. Baadhi yaliongozwa na halach uinic, na kila mji ulikuwa na batab wake, aliyekuwa hakimu, mkusanya kodi na kiongozi wa vita kwa pamoja. Batab hakuamua peke yake. Palikuwa na madiwani, ah cuch cab, kila mmoja na mtaa wake, na ridhaa yao ilihitajika. Mkuu wa vita, nacom, alichaguliwa kwa miaka mitatu, na kwa muda huo wote hakula nyama wala kulewa, wala hakukaribia mwanamke.

Waliotaka uongozi walipimwa kwa vitendawili. Vitabu vya Wamaya vilivyoandikwa kwa herufi za Kilatini wakati wa ukoloni vinatunza baadhi yake. Mgombea anaambiwa alete jua sahanini, na chui wa kijani ameketi juu yake anakunywa damu yake. Anayejua huleta yai la kukaanga lenye pilipili mbichi. Asiyejua alionekana amejipachika cheo kisicho cha ukoo wake. Yaani elimu ya siri ya familia ilikuwa kitambulisho, na wakubwa waliilinda kuliko mali.

Mkulima

Hapa Joya de Cerén haina mpinzani. Kati ya mwaka 600 na 660 hivi, volkeno ndogo ya Loma Caldera, umbali wa chini ya kilomita moja, ililipuka na kukifukia kijiji kwa mita kadhaa za majivu. Watu walikimbia, miili haijapatikana. Mwaka 1976 tingatinga lililokuwa likisawazisha uwanja lilikata ukuta wa nyumba, na tangu mwaka 1978 mwanaakiolojia Payson Sheets na wenzake wamekuwa wakikifukua.

Kilichobaki ni siku moja ya maisha ya watu ambao mawe ya Tikal hayawataji kamwe. Kila kaya ilikuwa na nyumba ya kulala, ghala na jiko, kila kimoja jengo lake. Visu vya mawe makali ya volkeno vilikuwa vimechomekwa kwenye makuti ya paa, juu, watoto wasivifikie. Bakuli zina alama za vidole za watu waliokuwa wakila. Shambani kuna mahindi kwenye matuta, maharage, pilipili, na mwaka 2007 yakapatikana matuta ya muhogo, zao lilelile ambalo Wareno walilivusha baadaye hadi Afrika. Kijiji kilikuwa na nyumba ya mvuke ya kuogea, na jengo lenye kuta nene na mabenchi mawili ambalo Sheets analiona kuwa la mikutano ya wazee.

Halafu kuna jambo linalouharibu mchoro wetu wa piramidi. Kila nyumba ilikuwa na vyombo vya kupakwa rangi na visu vilivyotoka mbali, hata shoka za jade. Kaya moja ilizalisha zaidi mawe ya kusagia, nyingine nyuzi za katani, nyingine vibuyu vilivyochorwa, na ziada hiyo ikawapatia bidhaa za nje. Sheets ametoa hoja kwamba wakulima hawa waliweza kuchagua soko la kwenda, na mkubwa aliyewabana alijikosesha wateja. Mimi nafikiri anatoka mbali kidogo na ushahidi wa kijiji kimoja. Lakini picha ya mkulima aliyeinama daima kwa mfalme haisimami tena baada ya kuvisoma vile vyombo.

Ukitaka wakulima na wachuuzi katika mji mkubwa, tazama michoro ya karne ya 7 ya Calakmul: mwanamke aliyevaa buluu akimsaidia mwenzake na mtungi wa uji, na kando ya watu maandishi yanayosema huyu ni wa chumvi, huyu wa tumbaku, huyu wa mahindi.

Watumwa na mateka

Kwenye mawe ya Tikal, mateka ni mtu mkubwa wa mji mwingine, amefungwa kamba, yuko chini ya miguu ya mshindi. Huyo ni nyara ya kisiasa. Mtumwa wa kila siku unamkuta Yucatán: mateka wa kawaida wa vita, mwizi aliyeshindwa kulipa, mtoto wa watumwa, mtu aliyenunuliwa kwa wafanyabiashara waliomfikisha hadi kwenye mashamba ya kakao ya Tabasco na Honduras. Sheria ilipima watu kwa matabaka. Mtu wa kawaida akiiba alitumikishwa. Mkubwa akiiba alichanjwa uso, kuanzia kidevuni hadi kwenye paji, aibu aliyokufa nayo.

Habari hizi nyingi zimetoka kwa Diego de Landa, padri Mfransisko aliyechoma vitabu vya Wamaya mjini Maní tarehe 12 Julai 1562, kisha akaandika kuhusu desturi zao mwaka 1566 hivi. Mmoja wa waliomsimulia alikuwa Nachi Cocom mwenyewe, na mwingine, Gaspar Antonio Chi, alikuwa na damu ya Xiu. Kila ukoo ulimpa toleo lake. Msome ukijua nani anaongea nyuma yake.

Sasa uchague

Ukipewa mji mmoja tu na swali ni matabaka pamoja na utawala, chukua Copán. Ndiyo pekee kati ya minne inayokuonyesha mfalme, wakubwa wanaomsogelea na mivutano yao, kwa maandishi ya watu wenyewe na kwa tarehe. Pia ina mwisho unaoshikika: jiwe la mwaka 822, la mtu aliyetaka kuwa mfalme wa 17, lilianza kuchongwa upande mmoja na halikumalizwa.

Ukiweza kuchagua mawili, ongeza Joya de Cerén, si Tikal. Vimetenganishwa na umbali usio mkubwa na vilikuwa hai wakati mmoja, kwa hiyo unaweza kuviweka pamoja bila kudanganya.

Kwa mdahalo wa serikali ya mtu mmoja dhidi ya serikali ya baraza, weka Tikal upande mmoja na Mayapán upande wa pili, na utaje wazi kwamba zimetengana kwa karne kadhaa. Chichén Itzá, mji mwingine wa Yucatán, iache: zamani ilidaiwa kuwa ya utawala wa pamoja pia, lakini dai hilo limepingwa sana na litakulia muda wote. Tikal peke yake inafaa ukiwa unaandika juu ya vita na ukuu wa wafalme, au una watoto wa darasa ambao bila hekalu la mita 47 hawatakusikiliza.

Ukianza kusoma, angalia majina. Maandishi ya miaka ya nyuma humwita Waxaklajuun Ubaah K'awiil "Sungura 18", Jasaw Chan K'awiil "Mtawala A" na Yax Pasaj "Yax Pac". Ni watu walewale. Tengeneza orodha yako mapema, usije ukamhesabu mtu mmoja mara mbili.